Mreno wa Ambondrona

Ijumaa, 6 Agosti 1999. Ambondrona, kisiwa cha Nosy Be, Madagaska.

Nimechoka. Swala, jua, halafu habari.

Bwana Lucien, Mfaransa mwenye hoteli ya mwisho wa ufukwe, ametangaza sherehe. Jumapili ya tarehe ishirini na mbili tutaigiza jinsi Wazungu wa kwanza, yaani Wareno, walivyoshuka hapa karne nyingi zilizopita. Watalii watapiga picha. Kama Wareno walishuka Ambondrona kweli au walipita mbali wakitapika, hakuna ajuaye. Nilimuuliza mwenyewe. Akasema lazima walishuka mahali, na Ambondrona ni mahali. Sina neno na hoja hiyo. Ninazo kama hizo nyingi.

Lililonishika mimi ni mkeka. Wenyeji wa Ambondrona watakaa juu ya mkeka mmoja mkubwa, mbele ya watu wote, wawapokee wageni na kuwapa maji. Anayepanga nani akae ni Kouraichia, mkuu wa kina mama wanaokaanga samaki ufukweni. Nilimwambia aniwekee nafasi, hata pembeni. Alinitazama kwa huruma, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema mimi ni vahiny. Mgeni.

Mgeni! Mwaka wa kumi na tano niko hapa. Nimeoa hapa. Nauza mafuta ya mlangilangi hapa, au tuseme mafuta ya nazi yaliyowahi kukutana na mlangilangi.

Neno hilohilo ndilo lililonitoa Mahajanga. Nilizaliwa Mahajanga, na baba yangu alizaliwa Mahajanga. Lakini asili yetu ni Ngazidja, kisiwa cha Komoro, na fujo zilipozuka tukaambiwa wageni warudi kwao. Mwaka sabini na saba nikapandishwa meli kwenda kwetu, ambako sikuwa nimewahi kufika. Kwetu huko wakaniita mgeni. Nikaenda Tanga kuchoma mikate, nikapata Kiswahili hiki cha kuandikia. Tanga nako mgeni. Nimechoka na neno hilo kuliko nilivyochoka na mikate. Nikikaa juu ya mkeka huo mara moja, mbele ya macho ya watu, hakuna atakayeniinua tena.

Bahia, mke wangu, ameuliza naandika nini. Nimemwambia mawaidha ya Ijumaa. Kiswahili hasomi. Ameguna.

Jumamosi, 7 Agosti.

Mkutano kwenye baraza ya hoteli. Nimekwenda na hoja tatu, zote zimeoshwa na kupigwa pasi. Nimerudi na soni.

Kwa bahati mbaya mchezo umeandikwa na Chaher. Huyu ni mwalimu mstaafu wa falsafa, jirani yangu, mtu anayekusanya makosa ya watu katika kufikiri kama wengine wanavyokusanya makombe ya pwani. Kila kosa kalipa jina. Ukifungua mdomo tu, ananyoosha kidole.

Hoja ya kwanza. Ukoo wetu una habari ya kale: babu Fazul alikuwa mtu wa kwanza kuwaona Wareno. Baba aliirudia kila chakula cha jioni. Sasa, anayemwona mgeni kwanza ni mwenye nyumba. Chaher akasema hata kuku wa uani humwona mgeni kwanza, na hajapewa nyumba.

Hoja ya pili. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba babu Fazul hakuwa amesimama Ambondrona siku hiyo. Nikakaa, nimeshinda. Chaher akasema hilo ni kosa la giza: mtu ameingia zizini usiku, haoni kama hakuna ng'ombe, basi anakwenda kutafuta ndoo ya kukamulia. Watu wakacheka.

Hoja ya tatu. Tangu nihamie hapa, hoteli imekuja, umeme umekuja, hata barabara imekuja nusu. Kosa la jogoo, akasema. Amewika, jua limechomoza, sasa anadai ujira.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikasema mtu anayevaa soksi za rangi mbili hawezi kufundisha watu akili. Ni kweli, amevaa moja nyekundu na moja ya kahawia, kila mtu aliona. Akasema hilo nalo lina jina, akaliandika. Alifurahi mno. Inaonekana lilikuwa limempungukia.

Kisha akatusomea mchezo wake. Wareno wanashuka, wanamwona bibi mmoja mwenye bangili ya fedha. Wanahukumu kwamba nyumba zote za kisiwa zimeezekwa kwa fedha. Wenyeji nao wanawaona Wareno hawavui buti. Wanahukumu kwamba watu hawa hawana miguu. Kosa la punje, akatueleza: umeonja punje moja ya wali, umesema chungu kizima kimeiva. Akasema pande zote mbili zilifanya kosa lilelile siku ileile, ila upande mmoja ulikuwa na mizinga.

Hakuna aliyecheka hapo. Mimi nilikuwa namtazama Kouraichia. Alikuwa anahesabu vichwa vya mkeka kwa vidole, na kidole hakikunifikia.

Jumatatu, 9 Agosti.

Nimepata njia. Wengi wape! Watu wengi wakisema mimi ni mwenyeji, Kouraichia atasema nini? Mchana kutwa nimezunguka na kapu. Kila nyumba chupa moja ya mafuta na neno dogo: leo jioni ukiulizwa, sema Zoubeir ni mwenyeji. Wote wakakubali. Wengine wakaomba chupa ya shemeji.

Jioni wakaja ufukweni hata wasiotoka nje kwa kawaida. Kouraichia akauliza nani anasema Zoubeir ni mwenyeji wa Ambondrona. Mikono kama msitu. Nilitaka kulia.

Chaher akaomba kuuliza moja tu. Akauliza nani anasema Ambondrona ni mlima ulioko Ufaransa. Mikono ileile ikabaki juu. Mzee mmoja aliinua yote miwili. Nilikuja kugundua baadaye kwamba walidhani kuna chupa nyingine.

Kosa la umati, akasema, akaenda zake nyumbani na chupa yake mfukoni.

Kouraichia amenionea imani. Amesema watu wa pwani hawathibitishi ukoo kwa mafuta ya nazi. Nikitaka mkeka, nilete mzee wa kwetu aisimulie habari ya babu Fazul yote, mwanzo mpaka mwisho, mbele yao. Ikiwa babu Fazul aliwapokea Wareno popote katika pwani hii, nitakaa. Ameahidi.

Shangazi Halimati! Dada wa marehemu baba, yuko Mahajanga, anaijua habari yote. Kesho natafuta meli. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Alhamisi, 12 Agosti. Mahajanga.

Nimefika na meli ya saruji. Nywele nyeupe, lakini zilikuwa zinaelekea huko.

Shangazi hakuondoka mwaka ule. Alikuwa ameolewa na mtu wa hapa, jamaa za mumewe wakamficha chumba cha ndani mpaka mambo yakatulia. Bado anaishi mtaa wa Mahabibo, bado anapika vile vitumbua vya mchele wanavyoviita mokari, bado ananiambia nimekonda. Amekubali kuja. Amesema lakini kwanza nikae nimsikilize, habari ya Fazul si fupi, ina pande zake. Nikamwambia naijua tangu utoto, baba aliisema kila jioni. Akasema baba yako alikuwa anaianza tu, chakula kikifika anaiacha. Nikamwambia aitunze, mashahidi waipate ikiwa moto. Jioni alijaribu tena. Nilikuwa nafunga mzigo wake, nikamwambia kesho kutwa, shangazi, kesho kutwa.

Kati ya hayo nilipita nyumba yetu. Sikukusudia, miguu ilinipeleka. Mlango wetu ulikuwa wa buluu, sasa wa kijani. Kuna watoto ndani, wana baiskeli. Mwanamke akatoka, mpole tu, akauliza namtafuta nani. Nikasema simtafuti mtu. Akauliza kama mimi ni mgeni hapa.

Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini. Ulimi ulikwenda wenyewe. Baba amezikwa hapo karibu, kwa mguu tu ningefika. Sikwenda. Ningemwambia nini?

Jumatatu, 16 Agosti. Ambondrona.

Siku ya ushahidi. Natamani isingekucha.

Shangazi akakaa kitini, baraza ya hoteli, Kouraichia upande huu, Chaher upande ule, Bwana Lucien nyuma akitafsiriwa. Habari za ukoo shangazi huzisema kwa Kingazidja tu. Mama yake Kouraichia alikuwa wa huko, basi Kouraichia akawageuzia wengine kwa Kimalagasi. Mimi nilisimama, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Shangazi akathibitisha: ndiyo, Fazul alikuwa wa kwanza kati yetu kuwaona Wareno. Nikamtazama Chaher. Akatikisa kichwa kwa heshima. Dakika nzuri, hiyo. Natamani ningekufa hapo.

Kouraichia akauliza Fazul aliwaonea wapi.

"Merikebuni kwao," akasema shangazi. "Walimchukua Ngazidja awe mkalimani. Akaugua bahari njia nzima, akamtapikia nahodha buti. Walipofika ghuba ya Mahajanga wakamshusha, wakasema huyu akiendelea, sisi hatutafika."

Baraza nzima ikaangua kicheko. Bwana Lucien ikabidi angoje tafsiri, kwa hiyo kicheko kikaja mara mbili.

Kwa hiyo babu yangu hakuwapokea Wareno. Alikuja nao! Nimesafiri na saruji kwenda na kurudi, nimemleta mama wa watu wa miaka sabini na mingi, ili athibitishe kwamba ukoo wetu ni wageni wa kale kuliko wageni wote. Chaher akapangusa macho, akasema kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, hoja imefika mwisho wake bila kosa lolote.

Haikuishia hapo. Mtalii aliyekuwa aigize nahodha wa Wareno amelala juani akababuka miguu yote, buti hawezi kuvaa. Nani sasa atakuwa Mreno? Macho yote yakageuka taratibu. Shangazi akasema ni kazi ya ukoo.

Nilikataa. Nilikataa mpaka nyumbani. Ndipo Bahia, akichambua mchele, akasema bila kuinua kichwa kwamba katika mchezo wa Chaher nahodha anafika, anasema alikotoka, anapewa maji, anavua buti, halafu anakwenda kukaa wapi?

Katikati ya mkeka.

Subhanallah. Mlango wa nyuma! Nitaingia kwa njia ya Mreno. Nikishakaa, siinuki. Watarudi makwao, jua litazama, nitakuwa bado nimekaa.

Alhamisi, 19 Agosti.

Nimejaribishwa vazi. Kofia ya manyoya. Joho lililokuwa pazia la chumba cha kulia. Ndevu za makumbi zinazowasha kama upupu. Buti ni za Bwana Lucien, anazovaa akitengeneza jenereta, nazo ni ndogo kwangu. Nimemwambia zinabana. Amesema Wareno wote walibanwa, ndiyo maana walikuwa wakali.

Shangazi hayupo nyumbani siku hizi. Asubuhi yuko kwa Kouraichia wanakaanga samaki, jioni yuko kwa Kouraichia wanasema watu. Nikipita wananyamaza, halafu wanacheka. Watoto wameanza kuniita Vazaha, Mzungu. Miaka kumi na mitano ya kukataa kuwa mgeni, na sasa nimepandishwa cheo cha ugeni.

Nimefanya mazoezi ya kukaa. Nakaa vizuri.

Jumapili, 22 Agosti.

Naandika nikiwa nimelala. Miguu iko ndani ya ndoo ya maji ya chumvi.

Watu wengi. Watalii, kamera, kina mama wamejipaka msindano, ile liwa ya manjano, usoni, wenyeji wamekaa mkekani safi kama meno. Mimi baharini, ndani ya ngalawa iliyotundikwa msalaba wa mabua. Nilitakiwa niruke majini kwa ushujaa. Nikaruka. Buti zikajaa maji. Nilitembea mpaka nchi kavu kama mtu aliyefungwa nanga, joho linavuta nyuma, na ule mti wa kuchomeka mchangani, alama ya mfalme wao, niliutumia kujishikilia nisianguke. Watalii walipiga makofi. Walidhani ndivyo ilivyokuwa.

Nikafika ukingo wa mkeka. Hatua moja tu.

Sasa, desturi ya hapa ni moja, kwa mfalme na kwa mchuuzi. Mgeni hapewi maji kabla hajasema alikotoka na anakokwenda. Kouraichia akasimama na kata ya maji. Amevaa lamba jipya, kanga ya huku, hana mzaha hata kidogo.

"Umetoka wapi?"

Jibu niliandikiwa: Ureno, ng'ambo ya dunia. Nimelikariri siku tatu. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali, ndevu zinawasha, na mwanamke yule wa mlango wa kijani alikuwa amenijia mbele ya macho.

"Mahajanga," nikasema.

Chaher, aliyekuwa amekaa na karatasi zake, aliinua kichwa. Kouraichia hakugeuka kumtazama.

"Mahajanga sehemu gani?"

"Mahabibo. Nyumba ya mlango wa buluu."

"Unakwenda wapi?"

Nilitakiwa niseme Bara Hindi. Nikasema, "Nimefika."

Akanipa maji. Nilikunywa yote. Nililia pia, sitaficha, ila ndevu zilinisitiri.

Kisha buti. Hakuna anayekanyaga mkeka na viatu, na buti zilikuwa zimevimba kwa maji, miguu imevimba kwa buti. Nikavuta. Nikakaa chini mchangani nikavuta. Kina mama wawili wakashika mguu mmoja mmoja, wakavuta kila mmoja upande wake, nikapata habari za nyonga zangu ambazo sikuwa nazo. Hazikutoka. Wenyeji mkekani wakasema sehemu yao ya mchezo, kwamba watu hawa hawana miguu. Haikuwahi kusemwa kwa ukweli kama leo. Watalii wakashangilia.

Nikabaki hapo. Sherehe nzima, ngoma, hotuba ya Bwana Lucien, picha ya pamoja, mimi niko mchangani, nyayo zimeelekea mkekani, shibiri moja. Walipokuja kuzikata buti kwa kisu cha samaki, mkeka ulikuwa umekunjwa.

Jumatatu, 23 Agosti.

Nimelala kutwa. Sina hila, sina hoja, sina kucha ya kidole gumba.

Jioni shangazi na Kouraichia wamekaa uani kwetu, nawasikia kupitia ukuta. Shangazi akasema ule msemo wa watu wazima: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kouraichia akaufikiri, akacheka sana. Akasema hilo ndilo kosa la babu zake. Waliwapa Wareno maji, wakawapa kuku, wakawapa na mbuzi, siku ya tatu hakuna aliyekumbuka kuwapa jembe. Baadaye wakaja wengine na wengine, wote wakajifunza kukaa kitini. Shangazi akasema basi kumbuka sasa.

Nadhani shangazi alikuwa anajisema mwenyewe. Amekaa wiki nzima, hajaosha hata sufuria.

Jumanne, 24 Agosti.

Leo ni siku ya tatu tangu sherehe. Kouraichia amepita mlangoni asubuhi. Akasema kuna kitu changu, lakini leo hawezi kunipa. Leo Jumanne. Kesho.

Hapa Jumanne hagusi mtu udongo, ni fady, mwiko wa kale. Halimi mtu, hachimbi mtu. Hata sisi watu wa msikitini tunauheshimu, kwa ajili ya majirani na, tuseme, kwa usalama. Sijui mwiko huo unahusu nini na zawadi yangu, lakini wanawake hawa wana mambo yao.

Kwa maana zawadi ni zawadi. Hoja iko wazi: watu waliona haya Jumapili, mwenye haya hutoa zawadi, kwa hiyo nitapewa kitu kikubwa. Huenda mkeka wenyewe! Nimefagia chumba cha mbele, nimesogeza meza. Bahia ameniangalia nikifagia. Ametabasamu kwa namna nisiyoipenda.

Jumatano, 25 Agosti.

Jembe.

Jembe! Kuukuu, mpini umelainika kwa mikono ya watu. Kouraichia alisimama mlangoni nalo kabla jua halijakaza, akaniwekea mkononi, akasema twende.

Nyuma ya msikiti kuna shamba la muhogo la wenyeji wa Ambondrona. Mwezi huu hulisafisha wote pamoja, wanaume kwa wanawake, na muhogo wake ndio unaolisha misiba na arusi zao. Miaka yote nimelipita tu. Hakuna aliyewahi kuniambia ingia, wala mimi sikuwahi kuuliza, maana lilionekana lina jua. Leo nimepewa mstari, kati ya Kouraichia na Chaher. Chaher analima na soksi. Moja ya buluu, moja nyeupe. Hanyooshi kidole shambani, hana nafasi.

Hapakuwa na heshima ya aina yoyote. Mtu wa sherehe ya juzi, na hakuna aliyeniletea kiti. Kutwa nzima hakuna hata mmoja aliyeniita vahiny. Ni Zoubeir, pinda mgongo. Zoubeir, huo ni muhogo, magugu ni yale. Zoubeir, umelala? Kama vile wananijua tangu kuzaliwa. Mgeni angeulizwa kama amechoka.

Mchana wakatandika mkeka, tukala wali na samaki, magoti kwa magoti. Nadhani ni mkeka uleule. Sikuangalia, mgongo ulikuwa unaniuma.

Alhamisi, 26 Agosti.

Sijanyooka. Nimemsindikiza shangazi bandarini nikiwa nimeinama kama ndoana. Amenishika mkono wenye malengelenge, akautazama muda mrefu, akasema, "Umefika, mwanangu. Nimwombee nini tena baba yako?" Macho yake yalikuwa na machozi. Sikuelewa. Nikamwambia auombee mgongo wangu. Akapanda meli akipangusa uso kwa kanga. Wazee husumbuliwa na upepo wa bandarini.

Nimerudi, nikakuta salamu za Kouraichia. Jumamosi shamba tena. Wenyeji wote waje na majembe yao, na mimi langu nisilisahau. Anasema sasa nimo, na aliyemo hulima kila mwaka, msiba kwa arusi, mpaka atakapozikwa hapahapa. Bahia amelitundika jembe ukutani, chumba cha mbele, pale nilipopafagilia mkeka. Anaimba jikoni.

Mimi siimbi. Kila mwaka! Mpaka kuzikwa! Nimekaa, nimefikiri, na nashukuru Mungu akili bado inafanya kazi hata kama kiuno kimegoma. Hoja ni hii, na sioni pa kuitia kidole. Wareno hawakupewa jembe, Kouraichia mwenyewe amekiri. Jumapili nilikuwa Mreno, mbele ya mashahidi na kamera. Na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba nimeacha.

Nilipita kwa Chaher kumsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimeyakumbuka majina ya makosa aliyonifundisha. Nikamwambia nayakumbuka yote, na mtu anayeyajua makosa yote hawezi kukosea. Akafunga macho. Baadaye akasema atanichukulia mstari wangu wa Jumamosi hadi katikati, nusu nimalizie mwenyewe. Uzee huo.

Chupa za mafuta zimebaki saba. Zinatosha. Kesho baada ya swala naanza kukusanya watu, na wakati huu simwachi mtu, nitathibitisha mbele ya Ambondrona nzima kwamba mimi ni mgeni.